Sogea Kidogo, Unamziba

Mkikataa nitakayosema hapa, sitanuna. Nimewahi kuzomewa nikisema kweli, nimewahi kushangiliwa nikidanganya, sasa nimezoea yote mawili.

Wakati wa vita vya ng'ambo ya milima, serikali ilitujengea ukumbi. Viti vilipigiliwa sakafuni, vyote vikitazama ukuta mmoja mweupe. Jioni, taa za ndani zikizimwa, vivuli vya askari wetu vilipita ukutani, vimenyooka, bunduki begani. Sauti ya kwenye spika ilituambia kwamba hizo si picha. Ni vivuli vyenyewe, vimeletwa kwa waya kutoka vitani, vya moto kama mkate. Familia ikitajwa, kivuli cha mtoto wao kilisimama, kikainua mkono, kikaenda zake.

Sharti lilikuwa moja tu: usigeuke nyuma. Waya, walisema, unapita nyuma ya visogo vyenu. Jicho la mtu likiuangukia unakatika, na mwenye kivuli anapotea hukohuko. Hapakuwa na polisi wa kutuchunga. Wa nini? Mama mwenye mtoto vitani humfungi kamba. Mwambie tu kwamba shingo yake ndiyo itakayomuua mwanawe. Watu walikauka shingo kiasi kwamba hata sokoni ukimwita mtu kwa nyuma, anazunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Dada yangu alikuwa mmoja wao. Yeye mjane, mimi mgane, tuliishi nyumba moja, cherehani yake sebuleni na redio yangu juu yake. Mwanawe wa pekee alikuwa huko milimani. Dada hakukosa jioni hata moja. Alijipaka mafuta, akavaa gauni la kutokea.

"Unajipambia ukuta?" nilimtania.

"Huenda na yeye ananiona. Wewe kaa hapo na redio yako, mzee usiye na haya."

Jioni moja nikabaki nyumbani, mgongo unaniuma. Mara nikasikia kata ikigonga ndoo jikoni. Nikaenda. Mtu amesimama kwa magongo, anakunywa maji. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.

"Shikamoo, mjomba. Bado mnatumia kata hii inayovuja?"

Nikashika ukuta. "Marahaba. We ni mzima au ni mzimu?"

"Mzima, kasoro mguu."

"Na vita je?"

"Vita gani, mjomba? Tulishindwa zamani. Tuliobaki tulifichwa hospitalini, tukaachiwa mmojammoja, tukaambiwa tufunge midomo." Akatazama huku na huku. "Mama yuko wapi?"

Nikavuta viatu vyangu mlangoni.

"Amekwenda kukutazama."

Njiani nilimweleza habari ya ukumbi. Alicheka mpaka gongo likateleza. Tulipofika hakuwa anacheka tena.

Tuliingia kwa mlango wa pembeni. Ndani joto, pumzi za watu, vichwa vimetulia kama vyungu vilivyopangwa. Na pale ukutani alikuwepo yeye mwenyewe, mpwa wangu, amesimama: paji lake lililochomoza, bega lake la kulia lililoshuka kidogo. Miguu miwili.

"Mama," akaita.

Hakuna shingo iliyotikisika.

"Mama, ni mimi."

"Kelele huko!" mtu akafoka bila kugeuka. "Atatukatia waya huyo!"

Akaenda mbele, magongo yakigonga sakafu, akasimama mbele ya kiti cha mama yake. Mwanga uliotoka nyuma yetu ukampiga usoni. Hata kovu la kidevuni, alilolipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli yangu, lilionekana. Dada akamtazama. Namjua dada yangu, uso ule nimeuona tangu una meno ya maziwa. Alimwona vizuri. Kisha akainamisha kichwa upande, kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo.

"Sogea kidogo, mwanangu," akamwambia kwa upole, kama anavyomwambia kijana yeyote. "Unamziba."

Hapo mimi nikageuka.

Wala sikupofuka. Niliona taa moja kubwa, na mbele yake kiambaza cha mbao. Nyuma ya kiambaza watu walitembea kwa foleni, wamebeba juu ya vichwa vyao askari waliokatwa kutoka kwenye maboksi, kila mmoja kwenye ufito wake, mkono wa kila askari ukivutwa kwa uzi. Hayo ningeyameza. Kilichonisimamisha nywele ni macho yao. Wabebaji wote walikuwa wanatazama ukutani.

Aliyekuwa karibu nami ni jirani yetu, muoka mikate. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Yule wa tatu ni wangu," akaninong'oneza. "Umeona alivyonenepa?"

Ufito wa huyo wa tatu alikuwa ameushika yeye.

Dada aliporudi alimkuta mwanawe sebuleni. Akamkaribisha kama mgeni, akampa pole ya mguu, akamtengea chakula.

"Wangu naye yuko jeshini," akamwambia. "Tunamshukuru Mungu, hana hata mkwaruzo. Wewe lala kitandani kwake mpaka atakaporudi mwenyewe."

"Ahsante, mama."

Nilimvuta kijana uani. "Nimzabe kofi azinduke?"

"Mwache, mjomba."

"Nimwache! Amekutoa uhai nawe unapumua!"

Akachora mchangani kwa ncha ya gongo. "Kule nyuma," akasema, "wanaajiri?"

Wanaajiri, tena wana shida ya watu, maana mikono huchoka. Msimamizi alimkagua mikono tu, kwa kuwa kazi ni ya mikono. Akamgeuzia viganja, akamwambia ainue ufito, aushushe, auinue tena. Miguu hakuitazama. Miguu ya mbebaji haifiki ukutani, sasa aitazame ya nini? Na kijana alipoomba ambebe askari fulani, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kila mbebaji huomba wake.

Jioni yake ya kwanza kazini nilikaa kando ya dada. Familia yetu ikatajwa. Kivuli kikaja, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

Kilikuwa kinachechemea.

Kilizama, kikaibuka, kikazama. Gongo moja lilikuwa kwapani mwa aliyekibeba, hilo sisi hatukuliona. Tuliona askari wa serikali, miguu miwili mizima, anakwenda kama aliyekanyaga shimo kila hatua. Alipofika mbele ya dada akasimama. Mkono ukapanda polepole, ukakaa hukohuko juu kupita kawaida, hadi watu wakaanza kunong'ona.

"Ni hitilafu ya waya," spika ikatangaza.

"Waya," watu wakaitikia, wakashusha pumzi. "Ni waya tu."

Dada hakuitikia. Kucha zake zilikuwa mkononi mwangu, na alama zake ninazo mpaka leo. Msioamini njooni mzione.

Tukarudi nyumbani. Hakuvua gauni la kutokea. Akachemsha maji, akayamimina kwenye karai, akayajaribu kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto mchanga. Mpwa wangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda, jasho linamtoka kwa kazi. Dada akapiga magoti mbele yake, akatoa pini ya suruali, akaanza kukiosha kile kigutu cha mguu. Uso wake hakuutazama hata mara moja.

"Wangu naye ameumia mguu," akasema. "Hawataki kutuambia. Nikikuosha wewe, labda na yeye huko aliko atapata mtu wa kumwosha."

Nikafungua mdomo. Kijana akanitikisia kichwa.

"Anaoshwa, mama," akasema. "Maji ni ya vuguvugu."