Mwandiko Wangu Ukutani

Mimi nikisusa, nimesusa. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba hata ziwa nilisusa mwenyewe, hakupata taabu ya kuniachisha. Miaka yote nilidhani hiyo ni sifa.

Kazi yangu iko maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa stoo ya mashuka. Nimekaa humo miaka ishirini na moja nikiotesha bakteria wa watu kwenye visahani, ndiyo maana wananiita Mama Visahani. Daktari akikuta kidonda kina usaha, ananiletea kidogo kwenye pamba. Naupaka kwenye kisahani, nakilaza kwenye kabati la joto, na kesho yake bakteria wameota. Nawapaka upya kwenye kisahani kingine na kupanga juu yao viduara vya karatasi vilivyotiwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Siku ya tatu nachukua rula. Dawa yenye nguvu inajizungushia uwanja msafi, bakteria hawasogei. Dawa iliyochoka haina uwanja, wanaota mpaka mlangoni kwake.

Miaka tisa iliyopita nilikusanya vipimo vya mwaka mzima, nikaiandikia wodi ya upasuaji karatasi moja kubwa: bakteria gani anauawa na dawa gani. Kijani kwa dawa inayoua, nyekundu kwa isiyoua. Mwandiko wangu ni mzuri, sijisifu, na kwenye pembe nikachora maua. Daktari mkubwa alinishika mkono mbele za watu. Muuguzi mkuu wa wodi, tunayemwita Kamanda, akaivisha plastiki ngumu na kuigongomea ukutani kwa misumari minne.

Balaa lilianzia kwenye hiyo plastiki. Mwaka uliofuata nilipeleka karatasi mpya, maana bakteria hawakai wakatusubiri, nao wanajifunza. Kamanda akanishukuru, akaitia kwenye droo. Ya tatu, droo. Ya nne nikaipeleka kwa mkono wangu, nikamwambia ile dawa ya juu kabisa, ya kijani, uwanja wake ulikuwa milimita ishirini na nne na sasa haufiki kumi na mbili, basi iondolewe. Akanijibu mbele ya wauguzi wake wote kwamba ile ya zamani ni nzuri zaidi, ina maua. Wakacheka. Na mimi nikaapa sikanyagi tena wodi ile, wala siwaandikii karatasi nyingine. Yakiwafika shingoni, watanifuata wenyewe.

Ukisusa, wenzio wala. Msemo huo nilikuwa naujua tangu utotoni, nikaona haunihusu.

Ikapita miaka mitano. Majibu ya mgonjwa mmoja mmoja niliendelea kuyatoa, lakini hayo yanachukua siku tatu, na katika siku hizo tatu daktari anaanza na kile kilichoandikwa ukutani. Nilijua. Kila nikipima na kuona uwanja umezidi kusinyaa, nilijisemea moyoni, haya, waendelee kutazama maua. Roho mbaya ilikuwa inanipa raha, wacha niseme ukweli.

Basi mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akapasuliwa kidole tumbo. Jambo dogo, mtu anarudi nyumbani wiki hiyo hiyo. Alipasuliwa Jumatatu, akaamka akilalamika kwamba gauni la hospitali limemfanya awe kama pazia. Hayo nimeyapata kwa shemeji yangu, mumewe, kwa sababu mimi sikuingia. Nilikuwa nampa shemeji chupa ya chai mlangoni mwa wodi, nageuza. Yeye alidhani nimebanwa na kazi.

Alhamisi asubuhi ikaletwa pamba. Namba ya kitanda, umri, kidonda cha kidole tumbo. Moyo ukanilipuka paa. Kutoka maabara hadi wodini ni ngazi kumi na nane. Ningeweza kuzipanda wakati ule ule nikamwambia yule daktari kijana, usimpe ile ya kijani, imeshakufa. Sikupanda. Nilijipa moyo kwamba haiwezekani bado wanaitumia. Na ndani zaidi kulikuwa na jingine: nilitaka majibu yatoke kwanza, nimwite Kamanda mbele ya wauguzi wake wale wale, nimwonyeshe maua yamezaa nini. Nilitaka nishinde.

Mchana shemeji akaniambia homa imepanda, ila sindano wameshaanza. Mgonjwa ananisalimia, anasema hana wasiwasi, yuko mikononi mwangu. Nikadhani anasema kuhusu ule usaha wake ulioko kwangu.

Jumamosi nilifungua kabati la joto. Rula sikuihitaji. Bakteria walikuwa wameota hadi wakaigusa karatasi ya ile dawa pande zote. Kati ya viduara saba, kimoja tu kilikuwa na uwanja, na dawa yake inakaa kwa mfamasia, kwenye kabati lenye kufuli. Nilizipanda zile ngazi mbio, na umri huu. Ushindi wenyewe niliusahau.

Daktari kijana alinisikiliza kwa heshima, hakubisha hata kidogo. Akaagiza dawa nyingine, kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Lakini mama," akasema, "sisi tumefuata karatasi yenu."

Ilikuwa pale pale, misumari minne, rangi haijapauka, sahihi yangu chini. Kamanda alisimama pembeni ameinamisha kichwa.

Kitanda cha mdogo wangu kilitazamana na ukuta huo. Midomo ilikuwa imemkauka, macho yameingia ndani, lakini aliponiona akatabasamu.

"Dada, hatimaye," akasema. "Waliponiambia kidonda kina usaha, niliogopa. Halafu nikaona mwandiko wako. Nikawaambia, huyo ni dada yangu kaandika, nipeni hiyo hiyo."

Nilimshika mkono, nikamwambia asiongee sana, apumzike.

Dawa ilibadilishwa ndani ya saa hiyo, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki Jumatatu, saa nne asubuhi, wiki moja tangu apasuliwe. Miaka thelathini na minne.

Watu walinipa pole, wakasema ni kazi ya Mungu, nikaitikia. Kamanda naye alikuja, akalia kweli kweli. Nilijitahidi kumchukia nikashindwa. Yeye alipenda karatasi nzuri, basi. Aliyejua ni mimi.

Nilirudi wodini baada ya mazishi na karatasi mpya, haina maua, na juu yake nimeandika kwa wino mzito: mwaka ukiisha, chana. Kamanda mwenyewe alileta koleo, tukang'oa misumari pamoja. Ile ya zamani nilitaka nikaichome. Lakini shemeji alikuwa amekuja siku hiyo kuchukua vitu vya mkewe, akaiona mkononi mwangu, akaiomba. Alisema marehemu aliitaja mpaka dakika za mwisho, kwamba ndiyo iliyomwondolea hofu.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia. Alisimama mbele yangu na mfuko wenye kandambili na chupa yangu ya chai, macho mekundu, ananisubiri. Nikampa karatasi.

Ameitundika sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, na anaifuta vumbi. Mgeni akiuliza ni kitu gani kile, anaeleza kwamba shemeji yake aliiandika kwa mkono wake. Mimi nikienda kumwona, huwa nawahi kile kiti kinachoupa ukuta mgongo.