Mnyama wa Kasanzi

Mwaka ule wa operesheni, watu wa Kasanzi, kijiji kidogo cha ufukweni upande wa Sengerema, waliambiwa wajiandae kuhamia kijiji cha ujamaa kilichopimwa mbali na ziwa. Malimi, fundi wa mitumbwi, alikosa hata hamu ya kula. Huko porini angemchongea nani mtumbwi?

Wazo lilitoka kwa Mwalimu Kamugisha, Mhaya aliyeletwa kufundisha shule ya msingi. Aliwahi kusoma habari za mifupa ya wanyama wakubwa wa kale iliyochimbwa kule Lindi.

"Mahali penye kitu kama hicho serikali haiwezi kupaacha patupu," alisema. "Watakuja wataalamu, watakuja wageni. Lazima wawepo wenyeji wa kuwapokea."

"Na sisi mifupa hiyo tutaitoa wapi?" Malimi aliuliza.

Mwalimu akaitazama mikono ya Malimi.

Malimi aliokota fuvu la kiboko ufukweni, akalipachika taya la mamba, akaziba maungio kwa ulimbo na udongo wa kichuguu. Akalipaka maji ya magome ya miti yaliyochemshwa mpaka likawa jeusi kama mwamba. Jino moja la kushoto lilimsumbua. Kila alipolisimamisha lilirudi kulalia jingine, na mwisho akaliacha hivyo hivyo. Wakalizika chini ya miamba pamoja na mbavu za ng'ombe. Mvua zilipoisha, Mwalimu akawapeleka wanafunzi kuchimba choo papo hapo.

Fuvu lilifukuliwa kwa mayowe, na habari zikavuka ziwa na kivuko. Watu walikuja kutoka Igogo na Nyegezi, ng'ambo ya pili, wamevaa nguo za kanisani. Waliofika wakitaniana walinyamaza mara tu walipochungulia shimoni. Mmoja akakumbuka jinsi mtumbwi wake ulivyowahi kunyanyuliwa na kitu kutoka chini, siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia. Mwingine akasema baba yake alisikia pumzi chini ya maji. Malimi alisimama kati yao, akijua kila ungio la kile kichwa, lakini hata yeye alianza kuyakwepa yale matundu ya macho.

Kisha wanawake wa Kasanzi wakaacha kuchota maji ziwani, wakawa wanakwenda kisimani, mwendo mrefu juani. Wavuvi wakavuta mitumbwi yao mpaka kwenye majani.

Mtu mmoja tu hakuogopa. Huyo alikuwa Mhoja, mzee aliyempoteza binti yake, Ng'washi, akifua nguo ziwani, zamani kabla Malimi hajahamia pale. Kila asubuhi alichuchumaa ukingoni mwa shimo akalisemesha fuvu taratibu, kama anayemuuliza jirani habari za safari. "Ulimpeleka wapi?" Malimi hakuweza kuvumilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, huyu si mnyama. Nimemtengeneza mimi. Kichwa ni cha kiboko, taya ni la mamba."

Mhoja hakushtuka. "Najua. Hata mtumbwi wangu uliuchonga wewe, kazi ya mkono wako haiwezi kunipotea."

"Sasa mbona unaongea naye?"

"Siku ile nilimwona akimchukua binti yangu. Sikumwambia mtu, nani angeniamini?" Akanyoosha kidole. "Jino lake la kushoto lilikuwa limelala hivyo hivyo juu ya lenzake. Wewe nani alikuonyesha?"

Malimi akalitazama lile jino, akarudi nyuma hatua moja.

Jioni hiyo alimlazimisha Mwalimu wakaseme ukweli mbele ya mkutano wa kijiji. Hakuna aliyewaamini.

"Mnatudanganya ili tubaki hapa tuliwe!" mama mmoja alifoka.

Lori lilipokuja, hakuna aliyelazimishwa. Watu walikuwa wameshang'oa milango na kufunga kuku, wakapanda wakisukumana. Mwalimu alipanda pia, macho chini. Malimi alishuka shimoni na shoka, akalipasua fuvu vipande vipande. Ulikuwa mfupa tu. Akapumua.

Aliporudi kwenye lori, watu walikuwa wanaulizana alipo Mhoja. Mgambo waliosimamia uhamisho walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aende kumtafuta. Malimi akashuka ufukweni peke yake.

Ulikuwa mchana mweupe usio na upepo. Mhoja alikuwa ameketi juu ya mwamba, miguu ndani ya maji, anatabasamu.

"Polepole," alinong'ona. "Usimshtue."

Malimi akatazama alikokuwa akitazama mzee. Maji yalikuwa laini kama mafuta. Mbali kidogo wadudu wa ziwani walikuwa wakinyanyuka kama moshi, nguzo nyembamba nyeusi. Kisha nguzo ile ikagawanyika katikati, taratibu, kama inayompisha mtu.

Hakuona kitu kingine. Alimshika mzee kwapani akamnyanyua, akawa anamvuta kuelekea kwenye lori, naye Mhoja akilia kimya kimya kama mtoto anayeachishwa ziwa la mama. Watu waliokuwa garini walisimama kuwatazama, na hakuna aliyecheka. Wote wawili walipanda mteremko wa kutoka ufukweni kinyumenyume, nyuso zao zimeelekea majini.