Msichana Aliyemchagua Mkaa

Luciana alifuta mikono kwenye kanga, akaketi kwenye benchi kando ya kaka yangu Abdulmajidi, akamchagua Mkaa. Vijana waliojazana chumbani wakacheka. Walikuwa wakicheka hivyo tangu asubuhi, kila alipoishika padi ya gemu, na kila mara kicheko kilikatika njiani.

Gemu ile ya ngumi ilikuwa na wapiganaji kumi na wawili. Mweusi alikuwa mmoja tu. Wenzake walivaa makoti, viatu na mikanda ya kung'aa. Yeye alikuwa pekupeku, suruali imechanika magotini, na akipigwa alilia kama mnyama. Vijana wa Singida mjini, weusi watupu, hawakumchagua hata siku moja. Wao ndio waliompa jina la Mkaa. Ukishindwa, adhabu yako ilikuwa kucheza ukiwa Mkaa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na baba, Mzee Abdulrazaki, aliyekuwa akiuza vitenge na sabuni, akaleta kutoka Dar es Salaam televisheni na mashine ya gemu, akaziweka chumba cha mbele cha nyumba yetu. Luciana alikuwa msichana wetu wa kazi, mtu wa Mkalama. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na minne, lakini yeye ndiye aliyeniita dada Maryam.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Wavulana hawakukubali kucheza na msichana, hivyo kila alfajiri, baba akiwa msikitini, nilichukua ufunguo kwenye mfuko wa koti lake, nikamwambia Luciana aache kudeki tucheze. Mimi nilimchukua mwanamke mwenye nywele za dhahabu. Yeye alimchukua Mkaa, siku zote. Nilimuuliza mara moja kwa nini.

"Huyu nikimwangalia," alisema, "najua anaumia wapi."

Baada ya miezi mitatu sikuweza tena kumgusa.

Baba alipotangaza mashindano, alisema mshindi atapelekwa Dodoma kuiwakilisha Singida mbele ya vijana wa miji mingine. Alisema aje yeyote; hakuna aliyefikiria kwamba kuna haja ya kukataza wasichana. Nikaandikisha jina langu, na kwa mzaha nikaliandika la Luciana chini yake.

Tulikutana raundi ya pili. Alinipiga kabla sijakaa vizuri. Kisha akaniinamia, akaniambia, "Pole, dada." Aliisema kwa moyo mweupe. Kama angenikejeli, labda ningemsamehe. Kijana mmoja nyuma yangu, Naftali, akasema kuanzia kesho mimi ndiye nitakayedeki, na safari hii kicheko hakikukatika.

Sasa ilikuwa fainali. Abdulmajidi alishambulia kwa pupa, kama kawaida yake. Luciana alirudi nyuma, akarudi tena, akamwacha achoke, kisha akamwangusha. Wakaanza upya, akamwangusha tena. Halafu mtu akaanza kuita, "Mkaa! Mkaa!" na wote wakadakia, wakipiga makofi. Luciana alitabasamu. Alidhani wanamsifu mpiganaji wake. Mimi niliwaona wanamnyooshea kidole nani.

Baba alizima televisheni. Hakupandisha sauti.

"Dodoma niwapelekee msichana wa kazi? Si watasema Singida hakuna watu?"

Akauliza ni nani aliyemfundisha. Luciana akanigeukia, akangoja. Uso wake ulikuwa bado una mabaki ya lile tabasamu. Abdulmajidi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikuwa na sentensi mbili kichwani, moja ya kweli yote, moja ya kweli nusu.

"Anafungua chumba alfajiri ukiwa msikitini," nilisema. "Nimemwona."

Baba akamuuliza kama ni kweli. Akajibu, "Ndiyo, baba. Nilikuwa nacheza." Jina langu hakulitaja. Mpaka leo natamani angelitaja.

Kesho yake walimpandisha basi la Mkalama. Nilisikia geti likifunguliwa, nikavuta shuka, nikabaki kitandani. Abdulmajidi alikwenda Dodoma, akapigwa mchezo wa kwanza.

Ilipita miaka ishirini na miwili. Basi nililosafiria lilisimama kituo cha Mkiwa, na kati ya wanawake waliokuwa wakiuza mafuta ya alizeti nikamwona Luciana. Yeye alikuwa ameniona kabla. Alimuulizia mama, akamuulizia kaka. Nikamwambia baba ametangulia mbele ya haki, akanipa pole. Nikamwambia kwamba siku ile nilidanganya. Akasema analijua hilo, alikuwepo.

Nilitaka kuendelea. Yeye akafunga vizuri kifuniko cha dumu, akaongea bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mimi baba yangu nilimwambia nimekuja likizo. Nilimwonea haya. Kila basi likipita alikuwa anatoka nje, aone kama mmemtuma mtu anifuate. Mwaka uliofuata akaugua. Alikufa ananiuliza likizo inaisha lini."

Kondakta alikuwa akipiga ubavu wa basi. Luciana akaniuliza kama nataka dumu la lita tano au la ishirini.