Fundi wa Friji Kliniki

Friji ikiingia karakana ya fundi huyu, aliitegea sikio kidogo tu, akakwambia ina miaka mingapi na nani aliyeichokonoa kabla yake. Kuhusu watoto wake napo hakuwa nyuma. "Wanangu nawalea mwenyewe," alipenda kuwatambia wateja. Mkewe, aliyeshona nguo chumba cha pili, aliinamia cherehani yake kimya, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Siku moja jino lilimuuma mama huyo, shavu likavimba. Ikabidi fundi ampeleke mtoto mdogo kliniki. Binti yao wa miaka mitano aling'ang'ania kufuatana nao.

"Baba, mtoto ana miezi mingapi?" muuguzi aliuliza.

"Kama minane hivi."

"Kumi na moja," binti alisema.

"Chakula anakula?"

"Anakula vizuri sana!"

"Viazi anatema," binti alisema. "Ndizi anapenda, ila uziponde kwanza."

"Na mchana analala saa ngapi?"

Fundi alikohoa, akamtupia binti jicho la kuomba msaada.

"Baba hajui," binti alimweleza muuguzi kwa upole. "Yeye anarudi tukishalala."

Kina mama kwenye benchi waliangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Njiani, mtoto akiwa begani, alimuuliza binti, "Na wewe, mama, unapenda nini?"

"Leo una nafasi?"

Swali hilo lilimkata maini. Wakaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Simu ya mteja iliita mara tatu, akaizima. Binti alizungumza mpaka koo likamkauka. Kumbe alikuwa na rafiki aliyehama, na baba hakuwahi hata kusikia habari zake.

Nyumbani akatangaza kwamba kila Jumatano atafunga karakana saa saba.

"Jumatano tu?" mkewe aliuliza, kashika shavu.

"Naanza mdogomdogo, mama watoto. Usinikatishe tamaa."

Jumatano ya kwanza, akimlisha mtoto, alipaka ndizi hadi ukutani. Ya pili alimvalisha mtoto suruali nyuma mbele. Ya tatu mtoto alilala kifuani pake, naye fundi akawa anaogopa hata kupumua.

Mteja akabisha hodi. Binti alifungua mlango nusu.

"Fundi yupo?"

"Yupo, lakini amelaliwa," alinong'ona. "Njoo kesho."