Walioandikwa Hawakutaka

Sindano hakupewa jina hilo kwa sababu ya cherehani peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa nguo, tena fundi wa kukata kitambaa bila kuchora, lakini waliomjua walisema hata ulimi wake una ncha. Kwa hiyo ofisi ya vocha za kodi ilipotafuta wahoji miongoni mwa watu iliowasaidia, ikamchukua na yeye, majirani walicheka sana. Wamemwita wenyewe, walisema.

Mpango ulikuwa hivi. Mtu aliyekaribia kulala nje, au aliyekwisha kulala nje, alipewa vocha. Akienda nayo kwa mwenye nyumba na ikikubaliwa, ofisi ilikagua nyumba, kisha ililipa sehemu kubwa ya kodi kwa miaka miwili. Alikuwa na siku sitini za kutafuta. Zikipita, vocha inakufa.

Sasa wafadhili walitaka kujua kama mpango unafaa. Wakamleta mtafiti asiye wa ofisi ile, mama wa makamo ambaye wote walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumpima mtu homa. Wahoji walipewa orodha ya watu mia tatu na kumi, na mbele ya kila namba pameandikwa hali ya mtu: amepanga, amehama, au hakuitumia vocha kwa hiari yake.

"Hao wa mwisho msihangaike nao," meneja wa mpango aliwaambia. "Hawakutaka. Waliokwisha kuulizwa hawaulizwi tena."

Sindano alishusha kidole kwenye orodha mpaka akaikuta namba yake. Iliyofuata aliijua kama anavyoijua sauti ya mwanawe, maana siku ile walisimama mstari mmoja, yeye mbele, wifi yake nyuma. Pembeni ya namba ya wifi paliandikwa: kwa hiari yake.

"Nani kaandika hivi?" alimuuliza karani.

Karani akachungulia. "Kompyuta. Siku sitini zikipita bila mkataba, inajiandikia yenyewe."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo iliyomuuliza kama alitaka?"

Karani akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akarudi kwenye chai yake.

Mume wa Sindano alipofariki, aliacha nyumba ya kupanga iliyojaa wanawake: mkewe na binti yao, mama yake mzazi, na dada yake mwenye mabinti wawili. Kodi iliwashinda, vyombo vikatolewa nje. Wakajiandikisha kwa vocha siku moja. Mama mkwe aliwekwa kwenye fomu ya Sindano kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mtoto mmoja. Sindano alipata nyumba wiki ya tatu. Wifi hakupata. Siku ya sitini na moja alifika mlangoni na mabegi na watoto, na Sindano akamwonyesha karatasi ya masharti: asiyeandikwa kwenye fomu haruhusiwi kulala ndani, la sivyo vocha inafutwa. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, akasikia kila neno. Wifi hakugombana. Aliinua mabegi yake akaenda. Mwaka mzima hawakusemezana.

Mchana wa siku ile ya orodha Sindano alimkuta mama mkwe akikunja nguo kitandani.

"Mama, ofisini wameandika binti yako hakutaka nyumba."

Bibi hakuinua macho. "Na wewe umeandika nini?"

Kesho yake alfajiri Sindano alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Daktari.

"Kuna mtu kwenye orodha ni wifi yangu," alisema. "Najua siruhusiwi kumhoji. Fomu naziacha hapa mezani. Nakwenda kama wifi."

Daktari alimtazama kidogo. "Nenda. Muulize kama atakubali kuzungumza nasi."

Wifi alikuwa akifanya kazi saluni, mwosha nywele, na mwenye saluni alimruhusu kulala na wanawe kwenye stoo ya nyuma, kati ya madumu ya dawa na viti vilivyovunjika. Sindano alimkuta na povu mpaka viwikoni, kichwa cha mteja kiko kwenye beseni.

"Wifi."

"Umekuja kusukwa?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Na nina jingine."

"Anza na hilo jingine. Radhi ikae foleni."

Sindano akamweleza. Wifi akamtazama, bomba la maji likiendelea kumwaga, mpaka mteja aliyefumba macho akasema, "Dada, unanijaza sikio."

Wifi alimkausha mteja, akampa taulo, akaingia stoo. Alitoka na daftari la hesabu la binti yake mkubwa. Mbele mna kujumlisha na kutoa. Alipoligeuza, kurasa za nyuma zilikuwa na milango: thelathini na mmoja, kila mmoja na tarehe yake, nyumba ilivyo, na alichoambiwa.

"Sikutaka?" alisema. "Mimi nilitembea mpaka soli ikaisha nikatia boksi ndani ya kiatu. Leo naambiwa sikutaka?"

"Nipe nikawaonyeshe kwenye mkutano wa ofisi."

"Hulipati. Daftari hili halitoki mkononi mwangu. Niambie tu huo mkutano uko wapi, nitalipeleka kwa miguu yangu." Akafunga daftari. "Na hiyo radhi, nimeisikia. Bado inauma, lakini nimeisikia."

Mkutano wa matokeo ya awali ulikuwa Alhamisi asubuhi. Wafadhili walikaa mbele, wahoji nyuma. Meneja alisimama ndani ya koti lililombana mabegani. Fundi wake, Sindano aliona, alimdhulumu sentimita mbili nzima.

"Katika kila kumi waliopanga kwa vocha zetu," meneja alisema, "tisa bado wamo kwenye nyumba zao."

Watu wakapiga makofi. Yalipotulia, Sindano alikuwa amesimama.

"Na ambao hawakupata pa kupanga?"

"Hao hawakutaka, dada. Hatuwezi kumlazimisha mtu kukaa ndani."

"Mmoja yuko hapa. Mwulize mwenyewe."

Wifi aliingia na aproni yake ya saluni. Hakusubiri kukaribishwa wala kupewa kiti. Alifungua daftari akasoma.

"Mlango wa kwanza, nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba akasema chumba kipo. Nilipotoa vocha, chumba kikawa hakipo. Mlango wa tano, dalali akasema watu wa vocha wanaleta kunguni. Mlango wa kumi na mbili, mwenye nyumba akauliza mume yuko wapi. Nikasema sina. Akasema basi nirudi nikishampata. Mlango wa kumi na tisa, baba mwenye nyumba alikubali, nikalia kwa furaha. Ofisi yenu ikachukua siku ishirini na nne kuja kukagua choo. Mlipofika, kashapangisha mtu mwingine."

Alisoma yote thelathini na mmoja. Mfadhili mmoja aliacha kuandika. Meneja alitazama saa mara mbili.

"Pole sana, mama," meneja alisema mwishowe. "Lakini hayo ni ya mtu mmoja."

"Basi mtafuteni wa pili," wifi akajibu. "Mimi mmenipata bure. Nimekuja mwenyewe."

Daktari alivua miwani. "Kwenye safu hiyo wamo watu mia moja arobaini na watatu. Nilielezwa kwamba waliulizwa wakakataa. Nani aliwauliza?"

Karani aliinamia viatu vyake.

"Ripoti haitoki mpaka watafutwe."

"Daktari, muda wetu umekwisha," meneja alisema.

"Wangu haujaisha. Jina litakaloandikwa kwenye jalada ni langu."

Ilichukua wiki sita. Wahoji waliwasaka gereji, chini ya ngazi za majengo, sebuleni kwa ndugu waliochoka nao. Walipatikana tisini na wanane. Kumi na mmoja walisema kweli hawakuihitaji vocha tena, walipata njia nyingine. Waliobaki wote walitafuta, wakakataliwa. Daktari aliyaweka yote kwenye ripoti, yanayopendeza na yasiyopendeza: kwamba aliyepata nyumba alitulia, watoto wake wakabaki shule moja, na kwamba karibu nusu ya waliopewa vocha hawakuwahi kufungua mlango wowote kwayo. Ofisi iliongeza siku kutoka sitini hadi mia na ishirini, ikaahidi kukagua nyumba ndani ya wiki. Waliokataliwa watapewa vocha mpya, kwa zamu.

Meneja alimwita Sindano akamwambia hakutakuwa na kazi yake tena pale.

"Cherehani yangu haijaenda popote," Sindano alimjibu, akatoka moja kwa moja hadi saluni. Yeye na wifi walibeba mabegi, mabinti wakabeba godoro. Alipofika nyumbani akaketi akaandika barua: "Nimempokea wifi yangu na wanawe wawili. Wanalala ndani. Sijaficha. Mkitaka kuifuta vocha, njooni mniambie usoni."

Wakamtuma afisa, kijana mpole mwenye ubao wa kuandikia. Alihesabu magodoro.

"Mko sita. Fomu inasema watatu."

"Andika sita," mama mkwe alisema kutoka kitandani. "Wale pale ni wajukuu zangu. Na yule ni binti yangu, ambaye mlisema hataki nyumba."

Kijana akaandika sita. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya onyo. Wanawake watatu waliijibu siku hiyo hiyo kwa neno moja, wote wakatia sahihi: Hatutoki.

Hawakutolewa. Mwezi wa tano zamu ya wifi ilifika, na safari hii mwenye nyumba wa nne akakubali. Alihama mchana kweupe, mama mkwe akitangulia mbele na sufuria kubwa kichwani, akiwaambia wapita njia waliouliza, na hata wasiouliza, kwamba anakwenda kumwonyesha binti yake jiko lake.