Viganja vya Manjano

Darasani walimwita Bi Haraka, na jina halikumwonea. Mtihani wake wa kwanza wa vitendo aliangukia pua kwa kuutaja ugonjwa kabla mgonjwa hajaketi. Leo alikuwa anaurudia, na akianguka tena, ndoto yake ya kuwa muuguzi mwenye chumba chake cha kupima na kutibu imeota mbawa.

Msimamizi aliketi pembeni. Wanafunzi walimwita Mama Kwanini, maana ukimjibu sawasawa alikuuliza kwa nini, ukijibu tena akakuuliza tena, mpaka ukome.

Akaingia fundi cherehani na mkewe. Viganja vya mume vilikuwa vya manjano, na macho ya mke mekundu kwa kulia, kwa kuwa jirani alishamwambia hilo ni ini, na ini halina mchezo.

Moyo wa Bi Haraka uliruka kwa furaha, Mungu amsamehe. Wiki nzima alikuwa amelisoma ini. Alilijua kuliko alivyowajua wajomba zake. Neno likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, likashuka kwa taabu kama kidonge kisicho na maji.

Badala yake alimsogeza fundi dirishani, akavuta kope la chini. Jicho jeupe pe. La pili, jeupe pe. Ini likileta manjano, macho hayasalimiki. Akauliza habari za mkojo na hamu ya kula, kote salama. Akambonyeza tumbo, fundi akacheka kwa kutekenyeka. Ndipo akauliza anakula nini. Fundi aliinamia sakafu, mkewe akamjibia kwamba ni karoti asubuhi, karoti mchana, na juisi ya karoti kabla ya kulala. Sungura angemwonea wivu.

Bi Haraka nusura acheze. Ilikuwa rangi ya karoti tu, imejaa ngozini, na akizipunguza itaondoka yenyewe. Mke akashusha pumzi. Bi Haraka akaanza kukusanya vifaa vyake, kifua mbele.

"Kwa nini?" akauliza Mama Kwanini.

Akaeleza upya habari ya karoti. Msimamizi hakupepesa hata ukope. Hapo akili ikamfunguka Bi Haraka. Akavuta kiti karibu na fundi.

"Baba, karoti zote hizi ni za nini?"

Fundi akagusa sindano iliyochomekwa ukosini. "Sindano, mwanangu. Tundu lake silioni tena. Nikasikia karoti hurudisha macho. Fundi asiyeweza kutunga uzi, nani atampa kitambaa chake?"

Mkewe hakuwa na habari. Akamshika mkono.

Bi Haraka akampima fundi macho. Maandishi ya mbali aliyasoma yote. Ya karibu yalimkimbia. Ni umri tu. Akamjaribishia miwani ya kusomea, ya pili ikamkubali. Fundi akachomoa sindano ukosini, akapitisha uzi mara moja, na mkewe akapiga kigelegele hadi waliokuwa kwenye foleni wakachungulia.

Kwa ulevi wa kuona, fundi alikikagua chumba kizima, macho yakatua kwenye pindo la sare ya Bi Haraka, alilojishonea mwenyewe asubuhi ile kwa pupa.

"Mwanangu," akasema kwa huruma, "hili alikushonea nani?"

Mama Kwanini, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Umefaulu," akasema. "Ila hilo pindo liandikie rufaa kwa fundi."