Jengo la Haji Bahgat na Kihariri Chepesi

Jumapili asubuhi, Shahinaz alipofungua kihariri, ile programu anayoandikia msimbo wake wa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, jengo liliinama kuelekea barabarani na birika la mama yake likateleza kutoka jikoni mpaka sebuleni. Mama yake, Bi Ferial, alilidaka bila hata kulitazama, akamimina chai.

"Mwanangu, ukitaka kufungua hilo dude lako uwe unabisha hodi," alisema. "Mwenzio nashika maji ya moto."

Shahinaz alikuwa akitengeneza tovuti ya duka la samani za maharusi huko Dumyat, na kazi za namna hiyo ndizo zilizowalisha yeye na mama yake tangu baba afariki. Kihariri chake kilikuwa cha kifahari. Kilimkisia neno kabla hajalimaliza, kilimkosoa, kilimshauri hata pale asipotaka ushauri. Tena kilikuwa kizito kupindukia, na kila kikifunguka jengo zima liliinamia upande wa barabara. Wanawake wa jengo la ng'ambo walikuwa wakiomba chumvi dirishani na kuipokea bila kunyoosha mkono. Mtaa wa Karmuz, pale Iskandaria, ulishazoea.

Jengo lilikuwa na uzito mwingine pia, lazima tuseme. Mwenye jengo, Haji Bahgat, alipewa kibali cha ghorofa sita, naye akajenga kumi na moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haji aliuona ufa, akajenga ghorofa.

Kamati ya wilaya ilipokuja mchana huo kukagua jengo, mhandisi wake alining'iniza timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia wima, kutoka paani, akamwomba Shahinaz afungue kihariri. Timazi ikasogea shibiri nzima. Akakifunga, ikarudi nusu.

"Mmejionea wenyewe," Haji alisema. "Ni huyu binti."

"Na zile ghorofa za juu, Haji?" Shahinaz aliuliza.

"Zile ni matofali tu, binti. Matofali yamekaa kimya, hayana makuu. Madude yako ndiyo yanayofikiri kutwa kucha. Tafuta mume upumzike."

Mhandisi alikubali kwa kichwa. Alisema watarudi Alhamisi, na wakikuta jengo bado limeinama, milango yote itatiwa lakiri nyekundu na wapangaji watatafuta pa kwenda. Haji yeye alikuwa na nyumba yake ufukweni Agami. Kamba hukatikia pembamba.

Shahinaz alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Akiacha kazi, hawatakula. Akiendelea, hawatakuwa na pa kulia. Akaikwapua laptopu, akateremka mpaka chini kwa Muallim Shiha, muuza samaki, akaiweka juu ya mizani.

"Nipimie, Muallim."

"Na kichwa au bila kichwa?" Shiha aliuliza.

"Nifungue kihariri kwanza."

Alipofungua kile cha kifahari, sahani ya mizani iligonga marumaru na samaki wote kwenye barafu wakaruka. Akajaribu cha pili, kilichosifiwa na kila mtu kwa wepesi. Mwanzo kilikuwa kweli chepesi, lakini alipokiongezea kiongezo hiki cha kupanga mistari na kile cha kubadili mandhari ya skrini, sahani ikaanza kushuka.

"Haba na haba, Bi Mhandisi," Shiha alisema, akijipapasa kitambi. "Hata hiki hakikuja siku moja."

"Na wewe mandhari ya nini?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kununua kamba. "Unaandika au unapamba harusi?"

Cha tatu hakikuwa na uzito kabisa, ila hakikupaka maneno rangi wala kuonyesha bano lililosahauliwa wazi. Kuandika ndani yake kulikuwa sawa na kusuka nywele gizani. Shahinaz alikifuta.

Cha nne kilifunguka kabla hajainua kidole. Kilipaka maneno rangi, kilitafuta faili, kilimkumbusha nukta mkato aliyoisahau, kisha kikanyamaza. Sahani ilipanda. Ilipanda mpaka Shiha akalazimika kuweka samaki mzima juu ya laptopu isiende kugonga feni.

"Hiki kinapunguza," alisema Shiha. "Samaki wa namna hii angenifilisi."

Shahinaz akakichagua hicho.

Wepesi nao una gharama yake. Katika PHP, ukitafuta neno ndani ya maandishi, unataja maandishi kwanza, halafu unachotafuta. Ukitafuta kitu ndani ya orodha, unataja kitu kwanza, halafu orodha. Kwa nini, hakuna ajuaye. Kihariri cha kifahari kilimkumbukia hayo yote, na siku ya kwanza bila hicho alipindua mpangilio, kila bibi harusi wa Dumyat akaonyeshwa kabati moja lile lile. Basi akawa anakariri huku akimenya magimbi, na Bi Ferial akimsahihisha, maana kufikia Jumanne hata yeye alishajua. Jumatano vidole vya Shahinaz vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na alijiona bora kuliko alivyopata kuwa.

Alhamisi mhandisi alining'iniza timazi. Mtaa mzima ulikuwa barabarani. Shahinaz alifungua kihariri dirishani, wote wakimwona, na jengo likainuka polepole, likiguna kama mtu mzima anayenyanyuka kutoka kwenye mswala. Nyufa zilijifunga. Milango iliyogoma miaka mingi ilifungika. Mwanamke wa ng'ambo aliyekuwa katikati ya kupokea chumvi alibaki na kijiko, chumvi ikaenda zake. Timazi ilitulia wima.

"Limenyooka kuliko nilivyofundishwa," mhandisi alisema, akakunja kamba yake.

Vigelegele vilitoka kila baraza. Shiha aliwakaangia watu wote samaki bure. Shahinaz alilia kwa furaha mbele ya watu na hakuona haya, na jioni hiyo hiyo tovuti ya samani ikafunguliwa, makabati yote yakiwa mahali pake. Bi Ferial alimwambia kila aliyepita ngazini kwamba nyumba hii imeshikwa na binti yake.

Jumamosi asubuhi winchi ilikuwa ikipandisha matofali. Shahinaz alipanda mpaka paani, akamkuta Haji Bahgat akiwasimamia mafundi.

"Mungu akuzidishie, binti," Haji alisema. "Kwa wepesi huu ya kumi na mbili haina neno. Ya kumi na tatu tutazungumza."

"Haji, tatizo ni ghorofa."

"Tatizo limekwisha, na kamati imeshuhudia. Umelimaliza wewe. Usijidharau."

Alishuka, akakaa mezani, akaendelea na kazi ya mteja mpya. Baadaye mlango uligongwa. Alikuwa msimamizi wa mafundi, kofia mkononi, mwenye adabu sana.

"Haji anakusalimu, Bi Mhandisi. Anaomba usiongeze chochote kwenye kompyuta mpaka saruji ikauke."

Shahinaz alimwambia amesikia, akafunga mlango.